Barua Si Yangu, Mlango Ni Wangu

Vijana, sitawauliza habari zenu, maana nazijua: ni marejesho ya mikopo.

Leo tunazungumza habari ya barua. Umewahi kugongewa mlango asubuhi, ukafungua, ukakuta mtu ameshika bahasha na anataja jina ambalo si lako? Jina lenyewe unalijua vizuri. Ni la yule mliyekuwa mnachangia kodi, akahama mwezi wa sita, akakuachia ndoo iliyopasuka na kalenda ukutani. Yeye hayupo. Barua ipo. Na aliyeileta anakutazama kana kwamba umemficha uvunguni.

“Mura, mwenzio yuko wapi?”

“Alishahama, kaka.”

“Alihamia wapi?”

“Sijui.”

“Hujui? Mlikuwa mnalala chumba kimoja, leo hujui?”

Basi hapo ndipo matatizo yanapoanza, na hapo ndipo tutakapokaa jioni ya leo.

Mji wetu huu wa Bunda ni mji wa watu kuja na kuondoka. Uko kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, ile inayokwenda mpaka Sirari. Mwalimu mpya anapangiwa kazi hapa, muuguzi analetwa, kijana anakuja msimu wa pamba, mwingine anauza simu stendi. Mshahara wa kwanza hautoshi chumba na sebule, kwa hiyo wawili wanaungana. Mwaka haujaisha, mmoja kapata uhamisho, au biashara ya samaki imemshinda, au kachumbia. Anaondoka na begi lake, na yule mwingine anabaki na chumba.

Zamani mdai alikuwa anapata tabu kumfikia mtu. Wengi wetu hatuna sanduku la posta, na ukimwelekeza mtu kwako ilikuwa ni “pita msikitini, kunja kushoto, uliza kwa mama anayeuza chapati”. Sasa tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba zimepewa namba na mitaa imewekewa vibao. Ni jambo jema sana, gari la wagonjwa linafika. Lakini na afisa mikopo naye anafika. Kwenye fomu ya mkopo mwenzako aliandika namba ya nyumba. Yeye kahama, namba imebaki mlangoni.

Sasa, msikilizaji, tuanze na jambo kubwa kuliko yote, na nitalirudia mpaka unichoke: mkopo unamfuata aliyesaini. Haufuati chumba. Haumfuati aliyekuwa analala kitanda cha pili. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inawabana walioingia kwenye mkataba, na wewe uliyekuwa unachangia naye kodi na mtungi wa gesi hukuwepo mezani. Hata zile kampuni zinazotunza taarifa za wakopaji kwa leseni ya Benki Kuu, zinaandika historia ya mtu kwa jina lake na kitambulisho chake. Mwenzako akishindwa kulipa, doa linaingia kwake. Haliingii kwako eti kwa sababu mlipanga nyumba moja. Na kama bado moyo hautulii, una haki ya kuomba taarifa yako mwenyewe ukaione.

Narudia: mkopo unamfuata aliyesaini.

Lakini hapa nisimame kidogo, maana kuna mtu ananisikiliza na amesahau. Je, wewe hukusaini kweli? Kumbuka vizuri. Jioni moja alikuja na fomu, ukiwa unapika, akakwambia, “Dada, niwekee sahihi hapa, ni utaratibu tu.” Ukafuta mkono kwenye kanga ukaweka. Na nakala ya kitambulisho cha NIDA ukampa. Kama ndivyo ilivyokuwa, huo utetezi wa upangaji hauna kazi tena. Wewe ni mdhamini, na mdhamini anaweza kudaiwa sawasawa na mkopaji. Au mlikuwa kikundi kimoja, watu watano mnadhaminiana. Hapo pia barua inakuhusu. Na kama mliishi kama mume na mke, hiyo ni habari nyingine ndefu, leo siigusi.

Kwa hiyo mdai akikwambia “wewe ni mdhamini”, usikubali kwa mdomo na usikatae kwa mdomo. Mwambie: “Naomba nakala ya mkataba nione sahihi yangu.” Akileta, na jina ni lako lakini sahihi siyo yako, basi kuna mtu ameghushi, na kughushi ni jinai. Hapo polisi panakuhusu, tena wewe ndiye wa kwenda kulalamika. Lakini deni lenyewe la kawaida, mtu kakopa kashindwa kulipa, ni madai. Ni shauri la mahakamani. Ukiona barua inasema “utakamatwa ndani ya saa 24”, ujue aliyeiandika anataka uogope, si vinginevyo.

Nisije nikawadanganya kwamba kila deni linahama na mtu. Yapo yanayokaa na nyumba. Bili ya maji inatazama mita. Mwenzako aliyekuwa anakusanya pesa za wapangaji akizila, wanaokatiwa maji ni ninyi mliobaki. Kodi ya majengo nayo tangu mwaka 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeguswa, awe mwenye nyumba au mpangaji. Hayo yamalizeni na mwenye nyumba, mapema, kabla aliyehama hajasahaulika.

Haya. Turudi kwenye bahasha yetu.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: niifungue? Jibu langu ni hapana. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano ya mtu binafsi, na mwenzako hajapoteza haki hiyo kwa kuhama. Isitoshe, ukishaifungua utaisoma, ukiisoma utamwambia jirani, na kufika jioni uani kote wanajua fulani anadaiwa shilingi ngapi. Piga picha bahasha kwa nje, mtumie mwenyewe kama namba yake unayo, mwambie: “Barua yako hii hapa, njoo uichukue au niirudishe.” Uingereza, ambako barua za namna hii zinaingia kila siku kwa watu waliohamia nyumba zilizokuwa za wengine, mtu anaandika juu ya bahasha kwamba mhusika haishi tena hapa, anairudisha posta, basi. Kwetu posta haikuileta. Imeletwa kwa mkono. Kwa hiyo itarudi kwa mkono.

Itarudi kwa mkono wa nani? Sikiliza vizuri hapa, maana wengi wanapakosa.

Huo mkopo ulianzia wapi? Mara nyingi ulianzia ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenzako alikwenda kwa mwenyekiti akaomba barua ya utambulisho, mwenyekiti akaandika kwamba fulani ni mkazi wa mtaa wangu, anaishi nyumba namba fulani, akagonga muhuri. Barua ile ndiyo iliyomfanya mkopeshaji aamini kwamba mtu huyu ana kwao. Sasa siku anahama, nani alikwenda kumwambia mwenyekiti? Hakuna! Sisi tunakwenda kwa mwenyekiti kutafuta muhuri, kuaga hatuendi. Kwenye daftari la wakazi mwenzako bado yumo, analala kwako mpaka leo. Na mkopeshaji akienda kuuliza, anaambiwa, “Ndiyo, anaishi pale.” Halafu unashangaa kwa nini hawakuamini.

Kwa hiyo nenda. Nenda hata kama barua bado haijaja. “Shikamoo mzee mwenyekiti, yule niliyekuwa naishi naye amehama tangu mwezi fulani, naomba uandike.” Aandike kwenye daftari lake mbele yako. Ukienda na mwenye nyumba, ni vizuri zaidi, na mkataba wa pango mkiwa nao mkononi, mambo yanakwisha kwa dakika chache.

Kisha andika barua kwa mkopeshaji. Una kalamu? Chukua, nitakusomea polepole. Juu andika jina lako, mtaa wako na tarehe. Halafu:

“Yah: Barua zinazomhusu aliyekuwa mpangaji mwenzangu. Mimi ni mkazi wa nyumba tajwa hapo juu. Ndugu fulani, ambaye mmekuwa mkimwandikia kupitia nyumba hii, alihama hapa mwezi fulani, mwaka fulani. Mimi si mkopaji, si mdhamini, na sikusaini mkataba wowote unaohusu mkopo wake. Vitu vilivyomo katika chumba hiki ni mali yangu. Naomba mrekebishe kumbukumbu zenu na msilete tena barua wala maofisa katika nyumba hii kwa ajili yake. Nakala kwa Mwenyekiti wa Mtaa.”

Basi, inatosha. Usiongeze matusi, usiongeze historia ya jinsi alivyokuwa haoshi vyombo. Toa nakala, ipeleke ofisini kwao mwenyewe pamoja na ile bahasha, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, nenda na shahidi. Ukirudi nyumbani hiyo nakala iweke pamoja na vyeti vyako.

Umesikia nilivyosema “vitu vilivyomo ni mali yangu”? Maneno hayo sikuyaweka kwa kujaza karatasi. Afisa mikopo akimtembelea mkopaji haji kunywa chai. Anakuja na simu, anapiga picha: televisheni, friji, makochi, jiko la gesi. Anaandika orodha ya dhamana, mkopaji anasaini chini. Sasa nikuulize, siku ile alipokuja chumbani kwenu wewe ukiwa kazini, nani alimwambia kwamba friji ni lako? Friji lilikaa pale kimya, na mtungi wako wa maji ya kunywa juu yake, likapigwa picha likaingia kwenye mkopo wa mtu mwingine. Leo barua inasema “tutakuja kuchukua dhamana” na wewe unacheka, unadhani ni dhamana yake.

Usicheke. Tafuta risiti. Na risiti ya mashine ya EFD, wengi mmeona, inafifia. Iache kwenye droo chini ya bati na jua letu hili, baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Ipige picha siku unaponunua, na muuzaji aandike jina lako na namba ya friji lenyewe. Huna risiti? Mwenye nyumba na majirani walioliona likishushwa kwenye guta ni mashahidi wako.

Na wakija kubeba? Mtu hawezi kuweka rehani mali ambayo si yake kisha mwenye mali akanyang'anywa kwa sahihi ya mwingine. Waulize kwa adabu: amri ya mahakama iko wapi? Dalali wa mahakama anakuja na karatasi yenye muhuri, inayotaja shauri na jina la mdaiwa. Afisa mikopo na vijana wawili wenye bajaji si dalali wa mahakama. Mwite mwenyekiti au mtendaji aje ashuhudie, usipigane na mtu. Na hata kama amri ipo kweli na vitu vyako vimekamatwa kimakosa, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inampa nafasi mtu asiye mdaiwa kuweka pingamizi, aoneshe kwamba mali ni yake, kabla haijapigwa mnada. Kabla! Usisubiri friji limeshauzwa Lamadi. Na ujue pia kwamba sheria hiyohiyo inamwachia mdaiwa mwenyewe nguo zake, vyombo vya kupikia na matandiko. Sasa iweje wewe usiyedaiwa ubebewe mpaka godoro?

Wasio na uwezo wa kumlipa wakili, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na kazi hizi za barua na pingamizi wanazijua. Ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri.

Sasa barua siku hizi haziji na bahasha tu. Zinakuja kwenye simu. Unaamka unakuta: “Habari, ndugu yako fulani amekuweka kama mtu wake wa karibu, amekimbia mkopo, mwambie alipe leo la sivyo hatua zitachukuliwa dhidi yake na wewe.” Hujawahi kukopa huko hata siku moja. Namba yako wameipata wapi? Mwenzako alipopakua ile programu ya mikopo, iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake, naye akabonyeza “kubali”, kama tunavyobonyeza wote. Ukaingia wewe, akaingia mama yake, akaingia mwalimu mkuu na fundi wa pikipiki.

Hili serikali imeliona. Mwezi Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, ikawaonya wananchi wasizitumie. Na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake ipo, inapokea malalamiko. Majirani zetu wa ng'ambo ya Sirari walitangulia kidogo: mwaka 2023 ofisi yao inayosimamia ulinzi wa taarifa iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya karibu shilingi milioni tatu za Kenya, kwa kutumia majina na namba za watu wengine kusumbua wadaiwa. Mimi binafsi ningefurahi kuona faini za namna hiyo zikitangazwa hapa kwetu mara kwa mara, na kwa majina.

Wewe ufanye nini? Jibu mara moja tu, kwa maandishi: “Mimi si mkopaji wala mdhamini. Sikuwaruhusu kutumia namba yangu. Msiniandikie tena.” Piga picha ya ujumbe wao na jibu lako. Wakiendelea, wafungie, na ushahidi upeleke kwenye tume au Benki Kuu. Tawi la Benki Kuu lililo karibu na sisi liko Mwanza. Kama ni kampuni yenye leseni, anza kwa kuilalamikia yenyewe kwa maandishi, wakikaa kimya ndipo upande juu. Na kama ujumbe unakwambia utume pesa kwenye namba ya mtu, huo ni utapeli mtupu, upeleke kwenye namba 15040.

Jambo jingine ambalo nalisema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Usilipe. Hata elfu tano usilipe. Najua afisa akishasimama mlangoni mara tatu, majirani wanachungulia, unaona aibu, unasema ngoja nimpe kidogo aniondokee. Hataondoka. Umemwonesha mlango wenye pesa. Risiti itaandikwa jina la mwenzako, hiyo elfu tano haitarudi, na wiki ijayo atakuja akisema, “Mbona juzi ulilipa?” Ukitaka kumsaidia mwenzako, mpe yeye mkononi, alipe mwenyewe.

Na wanapokuuliza anakoishi? Kama hujui, sema sijui, mara moja, usiape. Kama unajua, huna lazima ya kuwa mpelelezi wao. “Namba yake mnayo, mpigieni.” Lakini usidanganye pia. Usiseme amekufa. Kuna watu Bunda hii wameuawa kwa maneno mara mbili mbili na bado wanaonekana sokoni.

Sitaki pia tumseme vibaya aliyehama, maana wengine hawakukimbia. Mtu amekopa anunue dagaa Kibara, mvua ikanyesha wiki nzima, mzigo ukaozea uani, marejesho ya kila Jumatatu hayajui mvua. Huyo anahitaji kwenda kukaa na mkopeshaji wapange upya, na wakopeshaji wenye leseni wanakubali kukaa, ukiwafuata kabla hawajakufuata.

Kwa hiyo dakika hii ya mwisho ni yako wewe uliyehama. Huenda unanisikia uko Tarime, au umejifungia chumba kipya hapohapo Kabarimu. Kuhama kwako hakuna aliyeandikisha. Pita kwa mwenyekiti wa kule ulikotoka, pita kwa mkopeshaji wako, toa anwani mpya. Na kabla ya hayo yote piga simu pale ulipokuwa unaishi, maana mwenzako ana bahasha zako tatu juu ya friji, na kesho ni Jumatatu.

Mimi naishia hapo. Wiki ijayo, saa hizihizi, tutazungumza na watumishi wanaowaachia wakopeshaji kadi zao za benki pamoja na namba za siri. Usiku mwema.